Baba anapasua mbao, mimi niandike insha ya kutunza misitu?

SWALI: Shikamoo mjomba. Nipo form three hapa Mafinga. Shuleni tumeletewa shindano la insha, mada ni misitu na mazao ya misitu, maneno 800, mwisho wa kupeleka ni mwisho wa mwezi. Mwalimu katuambia tuandike madhara ya kukata miti, sasa mimi baba yangu ana ding'dong'i, mashine ya kupasulia magogo kuwa mbao, ndo inayonilipia ada, kila jioni anarudi nywele zimejaa unga wa mbao. Nikiandika kwamba wakata miti ni maadui wa taifa si nitakuwa namtukana mzee? Na nisipoandika hivyo si nitakosa maksi? Af nianzeje, maana aya ya kwanza leo siku ya nne haijatoka.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Mzee usimtukane, na bahati nzuri wala hakuna haja, sababu mzee wako hakati msitu, anavuna shamba. Hiyo tofauti ndo insha yenyewe na watu wanaipita tu kila siku. Mpaini anaoupasua ulipandwa na mtu, kwa mistari, mtu aliyejua kabisa kuna siku utaangushwa, ni kama mahindi ila huu unakaa shambani miaka. Wala si mti wa kwetu, kwao ni Mexico, na milingoti, yaani mikaratusi, nayo ililetwa kutoka Australia. Hapo jirani yako kuna Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, eneo lake linapita hekta 130,000, na pembeni yake wanavijiji wana vishamba vyao vya eka mbili tatu, wengi wanaoliendesha soko la Mafinga ni hao hao.

Sasa weka pembeni yake mninga. Mninga unajiotea kwenye miombo, misitu ya asili ya kule Tabora na Katavi, ukiupiga panga unatoa utomvu mwekundu utadhani damu, na mpaka ufikie unene wa kuvunwa ni karibu umri wa binadamu mzima umepita. Au mpingo wa Kilwa, mgumu mpaka ukiutupa kwenye maji unazama, ndo wanaotengenezea klarineti, zile ala za muziki za kupuliza, huko Ulaya. Anayeiba mninga usiku na mzee wako mwenye risiti na kibali cha kusafirishia mzigo wote wanashika msumeno, ila yule wa kwanza anachukua kitu ambacho wajukuu zake hawatakiona. Andika hivyo, mwalimu wako hawezi kukunyima maksi, na akikunyima basi angalau umeandika kweli.

Ila usije ukamfanya mzee malaika, mana majaji nao wanajua Mafinga. Kaa naye jioni akishanawa umuulize maswali matatu magumu. La kwanza, miti anayonunua ina miaka mingapi? Kuna wakulima wanabanwa na ada au matibabu wanauza mpaini wa miaka minane tisa, mti bado mtoto, mbao yake laini, ikikauka inapinda kama upinde na fundi wa kenchi anaikataa, hapo mkulima kapata hela kidogo, mpasuaji kapata mbao dhaifu na mwenye nyumba kapata paa la mashaka. La pili, gogo likipita kwenye ding'dong'i kiasi gani kinatoka mbao na kiasi gani kinabaki unga na mabanzi? Ule msumeno wa duara ni mnene, kila unapopita unakula mti, ndo mana misumeno ya utepe inasifiwa, blade yake nyembamba. Wewe umekulia kwenye hizo chungu za unga, hakuna mtoto wa Masaki atakayekushinda kuzielezea! La tatu ni maji: milingoti iliyopandwa bondeni karibu na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, inakunywa maji hasa, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 toka chanzo cha maji. Kama kuna bibi kijijini kwenu anayesema kinyungu chake kilikuwa na maji mpaka Septemba na siku hizi kinakauka mapema, huyo bibi anastahili aya nzima.

Kuhusu kuanza. Niliwahi kukaa meza ya kusahihisha insha za namna hii, nakuapia zaidi ya nusu zilianza na "Misitu ni mkusanyiko wa miti mingi iliyoota pamoja", ukifika ya ishirini unaanza kusinzia na chai imepoa. Wewe nenda nyuma ya nyumba, chukua kipande cha gogo, hesabu pete. Kwenu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo pete zitakukadiria umri wa mti vizuri tu. Kama zimetoka kumi na tano na wewe una miaka kumi na sita, sentensi yako ya kwanza unayo mkononi.

SWALI: Mjomba mambo, mi nakaa Dar, Keko, sijawahi kuona msitu zaidi ya kwenye TV, nami nataka kushiriki. Nitoe wapi habari?

JIBU: We mtoto unakaa Keko af unaniuliza mbao zinatoka wapi! Toka nje, mafundi wa fanicha wamejaa mpaka barabarani. Muulize mmoja (asubuhi, kabla wateja hawajabana) kwa nini kitanda cha mninga kinazidi bei cha paini mara kadhaa, mbao zake zimetoka mkoa gani, na siku hizi wateja wangapi wanaletewa MDF, zile bodi za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi. Halafu geuka jikoni kwenu. Mkaa nao ni zao la misitu, kila gunia lililofika Dar lilikuwa miti mahali fulani, na mara nyingi ni miti ya asili, si ya kupandwa. Watu wakisikia mazao ya misitu wanawaza mbao tu wanasahau mkaa, asali, uyoga, dawa. Mkiwa mmehamia gesi, andika mlihama lini na kwa nini, na kama mama bado anarudi kwenye mkaa siku ya maharage liseme hilo pia, usione aibu.

SWALI: Ndugu mhariri, mwanangu insha yake kaandikiwa na akili mnemba kwenye simu, Kiswahili kimenyooka mno mpaka kinanitisha. Nimwache?

JIBU: Hapana mzazi mwenzangu. Mwambie akusomee kwa sauti, kila anapofika sentensi asiyoweza kukueleza maana yake mfute pamoja, mtabakiwa na mistari kama mitano hivi. Hiyo mitano ndo yake, aanzie hapo. Af mpeleke kwa fundi seremala yeyote jirani Jumamosi moja na daftari, simu abakie nayo mama yake.