Muulize Anti wa Vitabu: Hawa wanaume wawili wananipa nini?

Mwezi huu sanduku la barua limejaa riwaya na tamthilia za wanaume wanaopendana, sijui nani kawaambia mwanzishe kwa pamoja. Nimechagua barua nne, mbili nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zilinikaa kichwani, zingine mtanisamehe.

Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, nimeolewa na mume wangu nampenda usinielewe vibaya. Mdogo wangu yuko Canada akanambia angalia hii, sirizi inaitwa Heated Rivalry, wachezaji wawili wa hoki ya barafu mmoja Mkanada mmoja Mrusi, uwanjani wanataka kung'oana meno kumbe hotelini wanatafutana. Nikaimaliza usiku mmoja, nikatafuta na kitabu chake nacho nikakimaliza, sasa nimehamia vingine vya aina hiyo. Hoki yenyewe siijui hata mpira siuoni uko wapi. Na hadithi za mapenzi za kawaida nilishaziacha siku nyingi, zilinichosha. Sasa hawa wanaume wawili wananipa nini mimi? Nina shida gani? – Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu. Huna shida yoyote, ila hoki ya barafu haina mpira, ni kidude bapa cheusi cha raba kinateleza, usije ukaaibika mbele ya mdogo wako.

Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema hadithi za kawaida zilikuchosha. Zile tunazijua, kuna binti na kuna tajiri mwenye hasira, na wewe msomaji mwanamke ukifungua tu ukurasa wa kwanza umeshawekwa kwenye kiti cha binti hutaki unataka. Basi kazi inakuwa kumpigia hesabu, mbona anamvumilia huyu, mbona kamsamehe haraka hivi, mbona kaacha kazi, mi nisingekubali. Husomi mapenzi tena, unasoma kesi ya mwenzio huku unaikumbuka ya kwako. Kwenye hadithi ya wanaume wawili kiti chako hakipo, kwa hiyo unakaa popote, sura hii uko na Mrusi, sura ijayo uko na mwenzie, ukichoka unasimama pembeni unawaangalia wote. Hakuna anayeulizwa atapika nani. Wote wana hela zao, wote wana misuli, wote wana mikataba, na mmoja akijishusha kwa mwenzie unajua kataka mwenyewe maana hakuna aliyemfundisha tangu utotoni kwamba hiyo ndo kazi yake.

Na hili sijalitunga mimi. Japani miaka ya 70 kulikuwa na kundi la wachoraji wa manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, wasichana wa miaka ishirini na kitu tu, waliokuwa wanachora kwenye magazeti ya wasichana. Mmoja wao Moto Hagio mwaka 1971 alikuwa anaandaa hadithi ya shule ya bweni, akaijaribu kwa wasichana, akaijaribu kwa wavulana, ikakaa vizuri kwa wavulana. Wasichana kwenye karatasi walikuwa wanabeba adabu zote za wasichana wa Japani ya wakati ule, wavulana walikuwa huru kukasirika na kupenda na kufanya upuuzi. Mwaka 1974 akatoa kazi ndefu ya mambo hayo hayo ya bweni la wavulana, iko Ujerumani eti, mbali kabisa na nyumbani. Rafiki yake Keiko Takemiya aliyekuwa akiishi naye nyumba moja Tokyo alipigana na wahariri miaka kadhaa mpaka 1976 ndo ya kwake ikaanza kuchapwa, maana ya kwake ilianza na wavulana wawili kitandani na wahariri wengi walikuwa wanaume. 1978 likaja gazeti zima la mambo hayo. Kwa hiyo hizi tamthilia za BL, yaani Boys' Love, mapenzi ya wavulana, za Thailand na Korea na Japani mnazokesha nazo mizizi yake ni wasichana waliokuwa wanatafuta pa kupumulia.

Kingine ambacho mi nakiona kikubwa kuliko chote, kikwazo. Mwandishi wa mapenzi lazima awatenganishe watu wake la sivyo kitabu kinaisha ukurasa wa kumi, na siku hizi hadithi za kawaida hazina cha kuwatenganishia, ndo maana unakuta watu wazima wanaachana kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza, unataka kutupa kitabu dirishani. Hawa wa hoki hawahitaji kubuniwa kikwazo. Kuna chumba cha kubadilishia nguo, kuna timu, kuna waandishi wa habari, kuna baba, na yule Mrusi kuna nchi yake kabisa. Wakikutana wanajificha, na kujificha kunachelewesha kila kitu, goti likigusa goti chini ya meza ni tukio, meseji ya maneno mawili inasomwa mara saba. Sisi tulioolewa na kuposwa mbele ya ukoo mzima ule uchelewaji hatukuupata, au tuliupata kidogo tukausahau. Mapenzi yanayopikwa kwa moto wa makaa, mwanangu, ndo ulichokuwa unakitafuta, hao wanaume ndo wenye jiko kwa sasa.

Mume akiuliza unasoma nini mwambie hoki.

Sasa anti. Mimi ni mwanaume wa Nairobi, jina weka lolote, na hao watu mnaosoma juu yao ndio mimi. Nasikia hizi vitabu zinasifiwa sana na wanawake, zinaandikwa na wanawake, na zote zinaisha wakiwa kwa veranda wanakunywa kahawa na mbwa. Hiyo ni uongo. Maisha yangu sio hivyo na ya marafiki zangu sio hivyo. Kwa nini nifurahie watu kuuziwa uongo kunihusu? – Jirani Yako, Nairobi

Jirani, nimesoma barua yako mara nyingi. Nianze na pale ulipo sahihi.

Kuandikwa na wanawake ni kweli, si zote ila nyingi sana, na kuna dhambi zake. BL za zamani zilikuwa na desturi mbaya ya kuchukua mume na mke wa kizamani na kuwavalisha suruali wote, mmoja mrefu mkali anaamua kila kitu, mwingine mdogo mlaini kazi yake ni kulia na kuona haya. Halafu kulazimishana kunapambwa kunaitwa mapenzi. Mpaka leo zipo, na mi nikikutana nayo naifunga siku hiyo hiyo. Na kuna hizi ambazo wanaume hawana mama, hawana kodi ya nyumba, hawana ugonjwa, hawana rafiki hata mmoja kama wao, ni midoli miwili mizuri inabusiana. Ukisema hao sio wewe nakuelewa. Kama unataka cha mtu anayejua, mtafute Gengoroh Tagame, Mjapani, gei mwenyewe, kati ya 2014 na 2017 alichora manga inaitwa My Brother's Husband, baba mmoja aliyeachana na mkewe analea binti yake, siku moja mgeni anagonga mlango ni Mkanada mkubwa mwenye ndevu, mjane wa pacha wake aliyefariki. Hakuna kitanda hata kimoja mle. Kuna baba anayejigundua hakumjua ndugu yake, na mtoto anayeuliza maswali ambayo wakubwa wanayakwepa. Mi nilipika ugali huku nakisoma ukaungua.

Ila kwenye mwisho mwema hapo tutabishana.

E. M. Forster, yule mwandishi wa Uingereza, aliandika riwaya ya Maurice mwaka 1913 na 1914. Maurice ni mtu wa mjini wa kazi za hisa, anampenda Alec anayetunza wanyama wa kuwindwa kwenye shamba la tajiri, na mwisho wanaondoka pamoja. Basi. Forster alieleza baadaye kwamba mwisho mwema aliuona ni lazima, asingejisumbua kuandika bila huo, alitaka walau kwenye hadithi wanaume wawili wapendane na wabaki hivyo. Na akasema huo mwisho ndo uliokifungia kitabu, angemning'iniza kijana kwenye kamba au angewaua wote wawili mambo yangekuwa rahisi, ila hawa wanaondoka bila adhabu kwa hiyo wanakuwa kama wanashawishi watu kwenye kosa la jinai. Akakaa nacho kabatini, anawaonyesha marafiki tu. Sheria ya Uingereza ililegezwa 1967, yeye akafa 1970, kitabu kikatoka 1971. Zaidi ya miaka hamsini droo imefungwa kwa ajili ya sura ya mwisho.

Sasa rudi kwako Nairobi. 2018 Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya Rafiki, ni wasichana wawili sio wanaume lakini jambo ni lile lile, imetoka kwenye hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, 2007. Ikaenda Cannes, lile tamasha kubwa la filamu Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kule, na nyumbani ikapigwa marufuku. Kahiu mwenyewe alieleza bodi ya filamu ilitaka nini, ilitaka abadilishe mwisho, mwisho una matumaini mno. Akakataa. Mahakama Kuu ikairuhusu siku saba tu mwezi wa tisa mwaka ule ili iweze kuingizwa kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na Nairobi watu walijipanga foleni tiketi zikaisha, labda ulikuwepo wewe.

Kwa hiyo unaposema mwisho mwema ni uongo wa kuwafurahisha kina mama mi najiuliza, mbona wenye mikasi hawajawahi kugombana na mwisho mbaya? Wasichana wangelia na kutubu ingepita. Hadithi za huzuni za watu kama nyie zimechapwa miaka yote bila taabu, mtu anapenda, anakamatwa, anakufa, msomaji anafuta machozi na dunia yake haijaguswa. Veranda na kahawa ndo inayowasumbua. Mbwa sijui, mbwa kazidi kweli, hapo nakupa.

Na sikwambii ufurahie. Nakwambia tu wale wanawake unaowalaumu wanalipia hela zao kusoma kwamba umefika salama, na wakati mwingine mwandishi analipia zaidi. China mwaka 2018 kuna mwandishi mwanamke mwenye jina la kalamu Tianyi alihukumiwa zaidi ya miaka kumi jela kwa riwaya ya aina hii aliyoichapisha na kuiuza mwenyewe, kosa likiwa ni ponografia. Miaka kumi jamani, kwa kitabu.

Anti unapotosha watoto wetu na hayo madude yako ya kizungu. Acha. – Baba wa Familia, Tanga

Baba, kama hoja ni watoto tuko pamoja, ile riwaya ya hoki ina vitanda vingi kuliko mechi, iweke juu ya kabati kama unavyoweka riwaya nyingine yoyote ya watu wazima. Kama hoja ni watu wazima, hao wanajichagulia. Na hayo ya kizungu, nusu ya niliyoyataja hapo juu ni ya Japani na China, soma tena.

Mambo anti! Nipo chuo Morogoro mwaka wa pili. Mi na rumeti wangu tumenuniana wiki nzima coz mi nasema wale waigizaji wa BL za Thailand wanatoka kweli na yeye anasema wanaigiza. Anti wanalishana! Kwenye laivu wanashikana mikono! Nani yuko sahihi? Halafu nipe nyingine nimeishiwa. – Shabiki Nambari Moja

Poa mwanangu. Rumeti yuko karibu zaidi na ukweli, pole.

Kule Thailand kampuni haiuzi tamthilia peke yake, inauza jozi. Vijana wawili wanawekwa pamoja kwenye sirizi, ikipendwa wanatembezwa kama jozi, matangazo ya biashara, matamasha, mikutano na mashabiki, sirizi nyingine tena na wawili hao hao. Kulishana ni sehemu ya kibarua. Wengine ni marafiki wa kweli, wengine wakitoka pale kila mtu na gari lake. Sirizi ya 2gether ya 2020 ndo iliyolipua mambo, dunia nzima imefungiwa ndani kwa Korona na kampuni inaweka episodi YouTube bure zina maandishi ya kiingereza chini, ungefanyaje usiangalie. Ila biashara isikufanye ukadhani nchi yote ni tamthilia, ndoa za jinsia moja zimeanza kule tarehe 23 Januari 2025 tu, na zimedaiwa barabarani na bungeni miaka mingi na watu ambao hawakuwa wanalishana mbele ya kamera.

Na hili la kuchunguza nani anatoka na nani muwe nalo makini. Kit Connor wa Heartstopper, ile ya Netflix ya 2022, mashabiki walimwandama mtandaoni wakitaka kujua yeye ni nani hasa, akiwa na miaka 18, mpaka akatangaza kwamba ana mvuto kwa jinsia zote na akawapongeza kwa kejeli kwa kumlazimisha, akasema wengine hawakuelewa hata sirizi inasema nini. Nilimwonea huruma yule kijana. Mpende aliyeandikwa kwenye skripti, yule anayemwigiza mwache akanunue mkate kwa amani.

Ya kuangalia nakupa The Untamed, ya China ya 2019. Riwaya yake ni wanaume wawili wanaopendana wazi kabisa, wakaguzi hawakutaka, kwa hiyo kwenye TV wamefanywa marafiki wa kufa na kuzikana tu. Hawabusiani hata mara moja. Ila yule mmoja anavyomsubiri mwenzie miaka kumi na sita, na wanavyoangaliana juu ya filimbi na kinanda cha nyuzi, utaniambia kama marafiki zako wanakuangalia hivyo. Episodi mbili za kwanza hutaelewa chochote, vumilia, ya tatu inarudi nyuma inaanza kueleza. Jumla zipo hamsini, angalieni wote wawili kwenye simu moja, bando mchangie.