Jembe la siku ya kwanza

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya mbolea, nikaambulia nusu tu. Huku Kilolo baridi imeachia, watu wanatifua mashamba wakisubiri mvua, na vumbi limeingia hadi kwenye masufuria. Tuko wazima. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza.

Swali lako nimeliandika kwenye karatasi nisije nikajibu lingine, tabia ambayo wewe na kaka yako mnanisingizia. Umesema kanisa unalosali siku hizi huko Saint Paul, Marekani, la Waunitariani na Wauniversalisti, linampokea mchungaji mpya. Jumapili hiyohiyo mtaitwa mbele ninyi wapya, msaini kitabu cha washarika. Hawana Imani ya Mitume, wala hawamuulizi mtu anaamini nini kabla ya kumpokea. Unauliza: ukisaini, utakuwa umekana kipaimara chako?

Hapana. Kipaimara hakifutwi na wino. Ulijibu kwa mdomo wako mwenyewe mbele ya madhabahu, umevaa gauni jeupe ambalo mama yako aliuza mbuzi ili alinunue. Hayo yamefanyika na hayafanyuki.

Ila usiishie hapo halafu ukamwambia kaka yako kwamba baba kakubali. Mimi nisingesaini. Nisiposema “Namwamini Mungu Baba Mwenyezi” siku ya Jumapili, najiona kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha mlango wazi. Na jambo la Utatu si dogo kwangu. Nilimwendea mchungaji wetu, maana sikutaka kubishana na kitu nisichokijua, akanieleza kwamba wenzako ni mito miwili iliyokutana mwaka 1961. Waunitariani walishika kwamba Mungu ni mmoja tu, si nafsi tatu. Wauniversalisti walishika kwamba upendo wa Mungu mwisho wa yote hautamwacha mtu nje. Na leo, akasema, utamkuta kwenye benchi moja Mkristo, mfuasi wa Buddha na asiyeamini Mungu kabisa. Hapo nikamwomba anirudie.

Akaniambia pia habari ya Michael Servetus, aliyechomwa moto Geneva mwaka 1553 kwa kuukataa Utatu. Nikauliza, Wakatoliki hao? Akasema hapana, Waprotestanti. Nilirudi nyumbani kimya kidogo. Nilizoea kusimulia Matengenezo ya Kanisa kana kwamba moto uliwashwa na upande mmoja tu.

Kuna jingine lililonikaa. Mwaka 1568, huko Transylvania (leo ni Romania), mkutano wa Torda uliamua kwamba kila mhubiri ahubiri Injili jinsi anavyoielewa, na usharika usilazimishwe kumpokea asiyeridhisha roho zao. Hilo linafanana na hicho ulichonisimulia: mchungaji mpya anakuja, anahubiri, anakaa na watu wiki nzima wakimhoji, kisha washarika wanapiga kura kama wanamtaka. Hakuna askofu wa kumtuma. Sisi, unajua, barua inatoka dayosisi, Mkuu wa Jimbo anaisoma, na mchungaji anashuka kwenye gari na magodoro yake. Tunaye, tumpende tusimpende.

Hapa nina kisa ambacho sikuwahi kukusimulia chote. Ulikuwa kidato cha pili, uko bwenini, ukasikia tu kwamba tumepata mchungaji mwanamke.

Unajua kanisa letu la Kilutheri, KKKT, liliruhusu wanawake kubarikiwa uchungaji mwaka 1990. (Wauniversalisti wa huko kwako walimbariki Olympia Brown mwaka 1863. Walitutangulia miaka 127, na hilo nalikiri bila kinyongo.) Kuruhusiwa kwenye karatasi ni jambo moja, kusomewa barua kwamba anakuja kwenu ni jingine. Sisi wazee wa kanisa tulikaa kikao hadi taa ikaisha mafuta. Hakuna aliyesema hatumtaki. Tulikuwa waungwana mno kwa hilo. Mmoja akauliza nyumba ya mchungaji ina choo cha nje, itakuwaje. Mwingine akauliza tutamwitaje, kwa kuwa “Mama Mchungaji” tayari ni mke wa mchungaji. Na mumewe, mwalimu mwenzangu, tumwite nani? Mimi nikauliza shamba la usharika nani atalilima. Nilijiona nimeuliza swali la maana.

Siku ya kuingizwa kazini ilikuwa nzuri. Tulimpokea kule njia panda na matawi, akina mama wakatandika kanga barabarani, kwaya mbili zikashindana mpaka Mkuu wa Jimbo akatazama saa. Ikaja zamu ya zawadi. Kuku, blanketi, debe la maharage, viazi magunia mawili. Mimi nilikuwa nimenunua jembe jipya Iringa mjini na kulitia mpini mwenyewe. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, “Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa huku milimani hatuna siku za kupoteza, tunakupa leo.” Watu wakacheka. Wanaume walicheka zaidi, na nilijua kwa nini, maana nilikuwa nimekusudia wacheke hivyo.

Akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Akasema, “Asante, baba. Shamba liko wapi?”

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nasikia hodi. Yuko mlangoni na jembe langu begani, kajifunga kanga, anataka nikamwonyeshe mpaka. Ningesema nini? Nikachukua jembe la mama yako, tukateremka. Sasa mwanangu, mimi nilikuwa mwalimu mkuu, mashamba yangu yalilimwa na vibarua kwa miaka mingi. Kufika saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge mawili, naye anapiga tuta kama anachana nywele. Kwao ni Njombe, alikua kwenye viazi. Hakusema neno kuhusu mikono yangu. Aliniuliza tu, huku tunalima, ni nani hawaji ibadani au wako pembeni, na kwa nini.

Nikamtajia. Akina fulani waliogombana na mtunza hazina. Familia iliyohamia kutoka Mufindi, ina mwaka mzima kijijini, inasali nyuma karibu na mlango, hakuna aliyewaandikisha wala kuwapa namba ya bahasha. Na wasichana watatu waliokuwa wametengwa kwa kupata mimba kabla ya ndoa, wanaosubiri kurudishwa kundini.

Unakumbuka jinsi kulivyofanyika kurudi kundini zamani. Benchi la mbele kushoto, tupu, na anayerudi anakaa pale peke yake, macho yote ya kanisa yakimtazama mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nawapeleka kwenye benchi. Nilifanya kazi hiyo miaka sita na sikuwahi kulikalia benchi lile.

Mama yule hakubadilisha liturujia hata mstari. Alituita wazee Jumamosi akatuambia jambo moja: kesho ninyi mkae kwenye benchi lile. Wasichana wakija, wawakute. Mzee mmoja akatoka nje ya kikao na kwa kweli hakurudi usharika hadi mchungaji alipohamishwa, naye nilimwelewa. Mimi nilikaa. Benchi lile liko chini ya dirisha lililovunjika kioo, upepo wa Juni unakupiga shingoni ibada nzima. Miaka sita, na sikujua kuna upepo pale.

Baada ya hao akaita familia ya Mufindi, wakasimama mstari mmoja na wasichana. Akawapa bahasha zao za ahadi zenye namba, zote pamoja, wale wanaorudi na wale wanaofika. Akasema kuanzia leo mtadaiwa kama wengine. Baba wa Mufindi akalia. Kwa bahasha ya matoleo! Nilidhani ana matatizo ya nyumbani. Kwenye mnada baada ya ibada alinunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kipumbavu, akauacha palepale ugawiwe watoto.

Nakusimulia haya kwa sababu ya kitu ulichokisema katikati ya ujumbe wako, haraka haraka, kana kwamba hakihusiki. Ulisema ulipofika Saint Paul ulianza na Walutheri, jambo nililolitarajia, kwa kuwa Walutheri wa huko na Dayosisi yetu ya Iringa wana urafiki wa Bega kwa Bega tangu miaka ya 1980, na wageni wao tumewalaza hata hapa nyumbani. Wakakupokea vizuri sana. Kila Jumapili wakakusimamisha: huyu ni rafiki yetu kutoka Iringa. Wakakupigia makofi. Mwaka wa kwanza, wa pili. Ulipoomba kuingia zamu ya kuandaa kahawa wakakuambia wewe kaa, wewe ni mgeni wetu. Kwa hawa wengine, Jumapili ya tatu mama mmoja mzee alikupa taulo akakuonyesha vikombe.

Walutheri wale siwalaumu. Walikuwa wanakuheshimu, na sisi tunafanya hivyohivyo: mzungu akija huku tunamkalisha kwenye kiti cha kitambaa na kumnyima hata kubeba kiti hicho. Lakini nimeelewa ulichokuwa unatafuta. Ulitaka jembe.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, waulize mambo ambayo hayamo kwenye kitabu. Ukisaini unapata kura, umesema. Je, mgeni huyo mnayempokea, wewe ulikuwa na neno katika kuchaguliwa kwake, au umefika baada ya wenyewe kumaliza? Ukitofautiana naye, mnazungumziana wapi? Ukiumwa, nani anakuja, na anakuja na nini? Wanachanga kiasi gani, na asiye nacho anachanga nini? Na ukisema mbele yao kwamba wewe unaamini Utatu, kwamba unasali Baba Yetu usiku kabla ya zamu yako hospitalini, watanyamaza kwa adabu au watakuuliza zaidi? Kanisa linalojisifu kwamba linapokea kila imani, ningependa nione linavyoipokea ya binti wa Kilolo. Usiifiche ili uwe mwepesi kupokelewa. Wakikupokea nusu, hiyo nusu nyingine utaiweka wapi?

Wala usisaini kwa sababu ya baridi ya huko na upweke wa jioni. Najua upweke una ushauri wake, na mara nyingi unazungumza Kihehe safi kabisa. Subiri ukiwa umeshiba na umelala.

Baada ya hapo ukiona ni sawa, saini. Wewe ni mtu mzima, na mkono ni wako.

Kuna utaratibu mmoja ambao nitaufuata hata kama wao hawauhitaji. Msharika wetu akihamia kwingine anaondoka na barua ya utambulisho. Nitamwendea mchungaji wiki hii aiandike: kwamba ulibatizwa, ulipata kipaimara, uliimba sauti ya pili kwaya ya vijana, hudaiwi. Atagonga mhuri. Najua atauliza inakwenda kwa nani, na tutakaa hapo kwa muda, lakini ataiandika. Mpe mchungaji wako mpya siku hiyo, umtafsirie.

Kuhusu mama yako, bado sijamsomea. Nitamsomea Jumamosi akishamaliza kupukuchua mahindi. Bahasha yako ya ahadi bado iko kwenye droo ya kabati, na kila mwisho wa mwezi anatia humo shilingi 2,000 na kuipeleka kwa jina lako. Sitamwambia aache.

Baba yako