Chumba cha nyuma hakipati mtandao

SWALI: Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba mpya, hii ni wiki ya tatu. Waliokuja kufunga intaneti waliiweka ruta ndani ya kabati, nyuma ya TV. Sebuleni mambo shwari, lakini chumba cha nyuma ninakofanyia kazi simu inaonesha mstari mmoja, na kwenye kikao cha video naganda mdomo wazi. Mume wangu anataka tununue kifaa cha kuongeza mawimbi. Taa za kuwasha kwa simu nazo zimegoma kuunganishwa. Halafu mpangaji aliyetutangulia ameacha kamera juu ya mlango. Tuitumie tu? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, Mama Wawili, na hongereni kwa kuhamia. Mwambie baba watoto asitoe hela kwanza. Hiyo ruta mmeifungia kabatini, na mgongoni mwa TV kuna bati pana. Mawimbi hayapendi chuma, kioo cha kujitazamia wala maji.

Nasema hivi kwa kuwa na mimi yalinikuta. Nilipohamia ninapokaa sasa, ruta niliipandisha juu ya friji, eti watoto wasiifikie. Pembeni yake maikrowevu. Kila mtu akipasha chakula, TV inaganda. Nilipiga simu huduma kwa wateja mara nne, ya mwisho nimeshapandisha sauti, hadi binti yangu aliponiambia: "Baba, ikilia ting, mtandao unarudi." Maikrowevu hufanya kazi kwenye mawimbi ya gigahezi 2.45 hivi (gigahezi ni kipimo cha mtikisiko wa mawimbi), na waifai ya 2.4 iko mlemle. Kinachovuja mlangoni ni kidogo, hakimdhuru mtu, ila ruta kinaipigia kelele. Simu ya tano sikupiga.

Basi itoeni kabatini, muipeleke koridoni au popote palipo katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kichwa. Waya wa mtandao unaweza kuvutwa hadi mita 100, kwa hiyo urefu si kisingizio. Lakini kama ruta yenyewe ndiyo imeingiziwa ule waya mwembamba wa faiba, usiuguse. Ndani ni uzi wa kioo, ukiukunja vibaya umekatika, waite waliofunga. Na kabla ya kupigilia msumari, kaa chumba cha nyuma, funga mlango, mzee azunguke na ruta wakati wewe unaangalia simu. Mkishajaribu hayo yote chumba kikabaki kama kilivyo, hapo nunueni hicho kifaa, na kikae katikati ya njia. Wengi hukiweka kwenye chumba chenyewe kisicho na mtandao, sasa sijui kitaongeza nini.

Taa: ruta nyingi hurusha waifai ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya 5. Taa nyingi zinaelewa 2.4 peke yake, na simu yako huenda imekaa kwenye 5. Ile ya 5 ina kasi lakini ukuta huichosha, ya 2.4 ni ya polepole ila inapenya. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, zima 5 kwa muda, unganisha taa, kisha iwashe tena. Ukiwa humo, zibadilishe pia zile nywila zilizobandikwa chini ya ruta. Ukiupa mtandao jina na nywila vilevile vya nyumba ya zamani, vifaa vyenu vya zamani vitaingia vyenyewe. Ila kama kule hata mtoto wa jirani aliijua, tungeni mpya.

Kamera iteremsheni leo. Maadamu imo kwenye akaunti ya yule mpangaji, anaweza kuwa anawaona mkitoka na kurudi, hata bila nia mbaya. Tafuta kitufe au kitundu cha kuirudisha upya, kibonyeze na ukishikilie mpaka taa yake ibadilike. Zipo zinazokataa mwenye mpya mpaka wa zamani aiondoe kwake, kwa hiyo mtafuteni aiondoe. Asipopatikana, ikae kwenye droo.