Seva tano ndani ya mashine moja, eti wingu

SWALI: Ndugu mtaalamu, shikamoo. Nasimamia tehama ya SACCOS ya wafanyabiashara wa mbao hapa Mafinga. Tulikuwa na seva tano chakavu. Fundi katuletea mashine moja kubwa, akazihamishia zote humo kama seva pepe (seva za kiprogramu zinazogawana mashine moja) kwa programu ya Proxmox. Anasema sasa tuko kwenye wingu, na bekapu hazina kazi tena kwa kuwa kila usiku inapigwa snapshoti. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na hilo la snapshoti ndilo linalonichosha zaidi.

Proxmox haina tatizo, na kuachana na seva tano chakavu ni uamuzi mzuri. Ila kugawa mashine moja kuwa seva pepe ni teknolojia ya tangu miaka ya 1960, IBM walikuwa nayo. Wingu ni huduma: unajichukulia uwezo unapouhitaji, unaupunguza usipouhitaji, unalipia ulichotumia. Ninyi memori ikiwaishia mtaagiza nyingine Dar na kusubiri basi.

Sasa snapshoti. Inahifadhi hali ya diski ilivyokuwa saa fulani, na inakaa kwenye hifadhi ileile ya diski yenyewe. Inafaa kabla ya kusasisha programu: mambo yakiharibika, unarudi nyuma. Diski zikifa au mashine ikiibwa, snapshoti nazo zimekwenda. Tena hali yenu imekuwa ya hatari kuliko mwanzo. Zamani seva moja ikifa, nne zinaendelea. Leo pawa saplai moja ikiungua, leja ya mikopo, daftari la wanachama na mishahara vyote vinalala siku moja. Na radi za masika mnazijua.

Proxmox yenyewe ina njia ya kutengeneza bekapu kamili, bila kununua leseni. Nakala iende kwenye kifaa kingine, na nyingine itoke nje ya jengo kabisa. Fundi aliyeshindwa kuwapangia hilo alikuwa na haraka ya malipo.

Vishoka wa namna hii wamejaa kuanzia Iringa mpaka Tunduma, na neno wingu limewapa mtaji. Hata wingu lenyewe halikufanyii bekapu usipoipanga au kuilipia. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya huduma za wingu, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto. Wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data moja kwa moja. Hao walikuwa kwenye wingu la kweli.

Kwa hiyo mwiteni fundi mbele ya bodi. Achukue bekapu ya seva ya mikopo, airejeshe kwenye kompyuta nyingine, iwake, na mhasibu aingie aone salio la jana. Akianza hadithi za wingu, msimmalizie hela yake.