Chagua ugomvi mmoja: kwa mnaoanza kuchambua mahusiano katika filamu za Kifilipino

Kila muhula hunifikia insha za sura moja. Mwanafunzi amechagua filamu nzuri ya Kifilipino, imemtoa machozi usiku, na asubuhi ameandika kurasa tatu za kueleza nadharia, kurasa tano za kusimulia filamu, kisha aya moja inayosema "hivyo nadharia hii inajidhihirisha katika mahusiano ya wahusika". Si uvivu, wengi wamesoma kweli. Kinachokosekana ni hoja. Nadharia imegongwa juu ya filamu kama muhuri wa ofisi, na msomaji anabaki anajiuliza: sawa, kwa hiyo?

Mimi husahihisha kazi za kozi ya mawasiliano baina ya watu, na haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza, hakikisha nadharia uliyobeba inahusu watu wawili wanaozungumza. Inashangaza ni wangapi huja na nadharia ya uwekaji ajenda ya McCombs na Shaw ya mwaka 1972 kuchambua mapenzi ya wahusika. Ile inahusu vyombo vya habari na umma. Nadharia ya matumizi na utoshelevu nayo inaweza kueleza kwa nini wewe umekaa kutazama, lakini haitakueleza kwa nini mke amenyamaza mezani. Ni nadharia nzuri zote mbili, ila si za kazi hii.

Pili, iogope nadharia inayokubali kila kitu. Ngazi kumi za Mark Knapp, tano za kupanda kuelekea ndoa na tano za kushuka kuelekea kuachana, zinapendwa sana kwa sababu hujaza kurasa zenyewe. Chukua *One More Chance* ya mwaka 2007, ya mwongozaji Cathy Garcia-Molina. Popoy ni mhandisi, Basha ni msanifu majengo, wamekuwa wapenzi miaka mitano, na Basha anaondoka. Ukizipanga ngazi za Knapp zitakaa vizuri kabisa, lakini zingekaa vilevile kwenye filamu yoyote ya watu wawili walioachana. Umeeleza umbo la hadithi tu.

Jaribu badala yake mivutano ya uhusiano aliyoiandika Leslie Baxter, baadaye pamoja na Barbara Montgomery: kwamba ndani ya uhusiano watu huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja, kuwa karibu na kubaki na nafsi yako. Hapo nywele za Basha zinaanza kuzungumza. Popoy anampenda kwa kumpangia, na Basha anapokata nywele, hilo ni tamko la kujitenga lililotolewa bila mdomo. Kisha jiulize swali ambalo Baxter anakulazimisha kuuliza: je, filamu inaumaliza mvutano huo, au inauahirisha tu? Nadharia yenyewe inasema hauishi, unasimamiwa. Filamu ya mapenzi ya kibiashara inapenda uishe. Hapo pana insha tayari, na hujaandika ukurasa mmoja wa kusimulia.

Sasa tuje kwenye filamu ninayowashauri wengi waanze nayo, *Anak* ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Rory Quintos. Josie, anayeigizwa na Vilma Santos, anarudi Ufilipino baada ya miaka ya kufanya kazi za ndani Hong Kong. Amebeba zawadi. Watoto wake hawamjui, au wanamjua na hawamtaki, hasa binti mkubwa, Carla, aliyeigizwa na Claudine Barretto. Baba yao alifariki mama akiwa ughaibuni, na mama hakuja kuzika. Watoto wanachojua ni kwamba hakuja.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapa huwa na haraka. Kila mmoja ana shangazi aliyekwenda Muscat au binamu aliye Riyadh, na ghafla insha inageuka kuwa habari za shangazi. Uzoefu huo ni mali, usiutupe. Utumie kuuliza maswali. Usiutumie kama ushahidi wa kilichomo kwenye filamu, kwa sababu Carla si binti wa shangazi yako.

Tafuta ugomvi wa Josie na Carla, ule ambao mama anamwambia binti kwamba kila anapokunywa, kila anapovuta sigara, kila anapotapanya pesa alizotumiwa, akumbuke ni milo mingapi mama aliacha kula ili pesa hizo zifike. Usimame hapo. Rudisha nyuma. Andika kila kauli: nani kasema, nani kakatiza, nani kaangalia pembeni. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayotenganisha insha za daraja la juu na nyingine.

Mwaka 1967 Paul Watzlawick, Janet Beavin na Don Jackson waliandika kwamba kila ujumbe una tabaka mbili, habari na uhusiano, na kwamba watu wanaogombana kila mmoja huweka nukta ya mwanzo mahali pake. Kwa Carla, mwanzo ni mama kuondoka: umeniacha, ndiyo maana niko hivi. Kwa Josie, mwanzo ni njaa ya nyumbani: mlihitaji, ndiyo maana niliondoka. Kila mmoja anajiona anajibu, hakuna anayejiona ameanza. Ukisoma maneno ya Josie kwa tabaka la habari, anahesabu milo. Kwa tabaka la uhusiano, anadai kutambuliwa kuwa ni mama.

Wengi huishia hapo, na wanapata alama nzuri. Lakini endelea kidogo, kwa sababu Watzlawick na wenzake walikuwa wakitazama familia kutoka California, na mfumo wao hauna mahali pa deni. Wafilipino wana wazo wanaloliita *utang na loob*, deni la ndani, la mtu kwa aliyemtendea wema usiolipika, na la kwanza katika madeni hayo ni la mtoto kwa mzazi. Josie hajieleweshi tu, anataja deni. Na Carla naye, kwa kumkataa, anasema deni halikuwahi kuwepo kwa kuwa aliyepaswa kumlea hakuwepo. Ugomvi si juu ya nukta ya mwanzo peke yake. Wanabishana kama pesa iliyotumwa kutoka mbali inaweza kuanzisha deni la namna ile. Sioni jinsi ya kulisema hilo kwa Watzlawick peke yake, na huo ndio ukurasa ninaoutafuta ninaposahihisha: pale nadharia ilipokufikisha, kisha ikagoma.

Ndiyo maana nawasihi msome pia wanazuoni wa huko huko. Virgilio Enriquez, aliyeasisi saikolojia ya Kifilipino katika Chuo Kikuu cha Ufilipino miaka ya 1970, pamoja na Carmen Santiago, waliweka ngazi nane za kuhusiana na mtu. Tano za kwanza ni za mtu baki, kuanzia adabu ya kawaida tu. Tatu za mwisho ni za mtu asiye baki, hadi kufikia kuwa kitu kimoja. Peleka hilo kwenye *Anak*. Josie ni mama kwa damu, lakini nyumbani kwake anaanzia ngazi ya mgeni. Halafu angalia shida inayozuka: mtoto anayempokea kwa woga na heshima amemweka mbali, wakati Carla anayemfokea anamtendea kama mtu wa ndani, maana mgeni humfokei hivyo. Ukali wa Carla unaweza kuwa ukaribu kuliko upole wa wadogo zake. Je, ngazi za Enriquez zinaliona hilo? Unaweza kubishana ndiyo au hapana. Mimi naegemea hapana, lakini nimewahi kusoma hoja nzuri ya upande wa pili na nikaipa alama zake.

*Four Sisters and a Wedding* ya mwaka 2013, ya Garcia-Molina pia, ni chaguo la wengi kwa sababu ya ule ugomvi wa familia nzima ambao Wafilipino hadi leo wanauigiza kwa mzaha. Dada wanne wanakutana nyumbani kumzuia kaka yao mdogo, CJ, asioe. Teddie anaishi Hispania, na nyumbani wanaamini ni mwalimu. Kumbe kazi ilikwisha na anaishi kwa kuhudumia wateja na kufanya kazi za ndani. Bobbie yuko New York na amefanikiwa. Alex yuko na Chad, aliyewahi kuwa mpenzi wa Bobbie. Gabbie ndiye aliyebaki na mama.

Hapa wanafunzi huchukua nadharia ya Sandra Petronio ya usimamizi wa faragha na kuipaka kwenye ukimya wote uliomo. Tenganisheni. Ukimya wa Teddie ni siri: anayeijua ni yeye, ana kanuni za nani aambiwe, na inapotoka mipaka inavurugika, kama Petronio anavyoeleza. Jambo la Bobbie na Alex si siri. Linajulikana, na hakuna anayeligusa. Kwa ukimya wa namna hiyo, mwanasosholojia Erving Goffman na maandishi yake ya mwaka 1955 juu ya kulinda sura, yaani heshima ya mtu mbele ya wengine, anafaa zaidi, na Stella Ting-Toomey aliyeendeleza wazo hilo kwa migogoro ya tamaduni mbalimbali anafaa zaidi bado. Familia nzima inashirikiana kuilinda sura ya familia, hadi Bobbie anapouliza kwa nini kufanikiwa kwake kunageuzwa kuwa kosa lake. Swali hilo linamvunjia sura kila aliyekaa sebuleni, pamoja na mama. Mkiniletea insha inayoonyesha kwamba ndani ya onyesho moja mna ukimya wa aina mbili unaohitaji nadharia mbili, sitalalamika kwamba mmetumia nadharia mbili. Nalalamika zinapopangwa tu ili orodha iwe ndefu.

Kwa wenye muda mfupi, *That Thing Called Tadhana* ya Antoinette Jadaone, mwaka 2014, inatosha. Mace ameachwa na mpenzi wa miaka minane, yuko uwanja wa ndege wa Rome na mizigo iliyozidi uzito. Anthony, asiyemjua, anamsaidia kubeba, na safari inawafikisha Baguio na Sagada. Altman na Taylor, mwaka 1973, walieleza kwamba watu hufunuliana polepole, tabaka kwa tabaka. Mace anaanza na tabaka la ndani kabisa, kwa mtu baki. Usiseme nadharia imekosea. Uliza ni nini kinachomwezesha. Mtu unayedhani hutamwona tena hana gharama. Kisha angalia kinachotokea pale inapodhihirika kwamba watazidi kuonana.

Kuhusu lugha. Wengi wetu tunategemea tafsiri iliyoandikwa chini ya picha, na tafsiri hiyo huacha mambo. Hata kama hujui Kitagalogi, fundisha sikio kusikia *po* na *opo*, vijineno vya heshima kwa mkubwa, na *ate* na *kuya*, wanavyoitwa dada na kaka wakubwa. Mtu aliyezoea kusema *po* akiiacha katikati ya ugomvi, jambo limetokea ambalo tafsiri haikukuambia. Hali kadhalika *tampo*, kususa kwa mtu anayetaka abembelezwe. Wageni huandika "mhusika amekata mawasiliano", wakati huyo ndiyo kwanza anawasiliana. Watzlawick, aliyesema haiwezekani kutowasiliana, angekuunga mkono hapo.

Na chungeni sana maneno "utamaduni wa Wafilipino". *Anak*, *One More Chance* na *Four Sisters and a Wedding* zote zimetoka kampuni moja, Star Cinema, na mbili kati yake ni za mwongozaji mmoja. Kinachojirudia ndani yake, hasa ule upatanisho baada ya machozi, huenda ni desturi ya kampuni kuliko ya taifa. Dawa ni kuweka kando yake filamu isiyopatanisha. *Insiang* ya Lino Brocka, ya mwaka 1976, ina mama na binti katika mtaa wa mabanda wa Tondo, Manila. Mpenzi wa mama anambaka binti, na mama anasimama upande wa mwanamume. Humo deni la mtoto kwa mzazi halimliwazi mtu, na mkutano wao wa mwisho ni gerezani. Ukiweka Josie na Carla upande mmoja, na mama na binti wa Brocka upande wa pili, madai yako yatapungua ukubwa na kuongezeka nguvu.

Siku ya kuwasilisha, swali litakalokuja karibu kila mara ni hili: kwa nini nadharia hii na si nyingine? Usijibu kwamba ni maarufu, wala kwamba ndiyo tuliyofundishwa. Taja kauli moja ya mhusika, useme nadharia yako inaona nini ndani yake ambacho nyingine uliyoifikiria haikioni, kisha useme mwenyewe, kabla hawajakuuliza, ni kauli ipi ya filamu hiyo hiyo ilikushinda kuieleza. Walimu wengi wakishasikia hilo la mwisho huanza kujadiliana wao kwa wao, na wewe unaweza kukaa.