Kimo Ndicho Akiba Yako: Kwa Anayeanza Sarakasi za Angani

Siku nilipovuta fimbo ya kuongozea ndege kupita kiasi nilikuwa kwenye kilele cha kitanzi, yaani duara la kupanda juu na kurudi chini, kichwa chini, mashamba ya mahindi ya Wisconsin yakining'inia juu ya paji la uso wangu. Mwendo ulikuwa umekwisha. Ndege ikatetemeka, bawa moja likaanguka, na mara tukawa tunazunguka kama pia kuelekea ardhini. Mwalimu wangu, aliyekaa kiti cha mbele, alisema neno moja tu: "Yako." Maana yake ndege bado iko mikononi mwangu, niitoe mwenyewe. Nikaitoa. Tulikuwa tumeanza kwa futi 4,500, tukanyooka kwa futi 3,100.

Tulipotua hakunikaripia. Alibandika kadi kwenye dashibodi, akaniambia kuanzia siku hiyo kwa kila mchezo niandike futi nilizoingia nazo na futi nilizotoka nazo. Kadi ile imenifundisha mengi kuliko video zote nilizowahi kutazama, na kwa kuwa kuna vijana wanaoniandikia wakitaka kuanza, nitaanzia hapo hapo.

Mtu akisikia habari za ndege ya sarakasi yenye mabawa mawili, la juu na la chini, mara nyingi huiwazia Pitts. Si ajabu. Curtis Pitts aliibuni miaka ya 1940 huko Florida, na rubani Betty Skelton aliirusha hadi akawa bingwa wa wanawake mwaka 1949 na 1950. Ndege yake hiyo leo imetundikwa kichwa chini kwenye jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, Virginia. Lakini Pitts S-2B ya viti viwili ina injini ya nguvu za farasi 260. Yetu ina mabawa mawili pia, lakini ni ndege ndogo ya michezo, ya kundi lile ambalo kanuni ya Marekani ya 2004 ililiwekea kikomo cha uzito wa kilo 600, na kwa kawaida ndege hizo zina nguvu za farasi 100 hivi. Pitts yenye nguvu inaweza kumaliza mchezo na kupanda tena kutafuta kimo. Yetu inapanda polepole, kwa hiyo kila unachotumia ulikileta mwenyewe kutoka juu.

Usivunjike moyo kwa hilo. Injini ya Betty Skelton ilikuwa na nguvu za farasi 85 tu. Alishinda kwa sababu alijua kutunza mwendo.

Elewa kwanza ndege yenyewe inavyofanya kazi. Mabawa mawili mafupi, yaliyofungwa pamoja kwa nguzo na nyaya, yanakuwa imara bila kuwa mazito, na ufupi wake unaifanya ndege ibiringike upesi. Lakini nguzo na nyaya hizo zote zinakamata upepo. Ukielekeza pua juu, mwendo unakufa haraka kuliko ulivyozoea kwenye ndege ya bawa moja. Ukiielekeza chini, mwendo unajengeka taratibu. Hili la pili ni baraka kwa mwanafunzi, kwa sababu akikosea kwenye mchezo wa kushuka anapata sekunde za kufikiri kabla ya kuvuka mwendo wa hatari. Hilo la kwanza ndilo lililonizungusha mimi.

Kosa langu lilikuwa hili. Kuanza kitanzi unashuka kidogo kupata mwendo ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege, kisha unavuta fimbo kwa uthabiti. Hapo mwili unabanwa na G kama 4, yaani mara nne ya uzito wako, na mtu wa kilo 75 anajihisi ana kilo 300. Mkono unazoea kuvuta. Lakini ukikaribia kilele mwendo ni mdogo, na hapo unatakiwa kulegeza, uiache ndege ielee na ijizungushe yenyewe juu ya mgongo wake. Ukiendelea kuvuta, bawa linaacha kunyanyua. Tazama ncha za mabawa na upeo wa macho, usitazame vipimo vya dashibodi. Na ukihisi mtetemeko kwenye fimbo, legeza hapo hapo, hata kama kitanzi kitakuwa kibaya.

Kabla ya yote hayo, jifunze kutoka kwenye mzunguko wa pia. Nasema kabla, na mwalimu akikwambia utajifunza baadaye, tafuta mwalimu mwingine. Punguza injini mpaka mwisho. Weka fimbo katikati, usijaribu kuinua bawa lililoanguka kwa fimbo. Kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko hadi ifike mwisho. Sukuma fimbo mbele. Mzunguko ukikoma, rudisha pedali katikati na uvute polepole kutoka kwenye mbizi. Fuata kitabu cha ndege yako kama kinasema tofauti. Rudia mpaka miguu ifanye bila kuambiwa, kwa sababu siku ya kweli akili inachelewa. Mimi ilichelewa. Miguu haikuchelewa.

Sheria ya Marekani inakataza sarakasi chini ya futi 1,500 kutoka ardhini. Hicho ni kikomo cha sheria, wala hakikuwekwa kwa ajili ya mwanafunzi. Mimi nimejiwekea kwamba kila mchezo umalizike juu ya futi 3,000, na nikifika hapo nanyoosha, napanda, napumzika. Kadi yangu inaonyesha kitanzi kimoja kikinigharimu futi 200 nikikifanya vizuri, na 500 nikikifanya vibaya. Ukiunganisha michezo minne bila kuhesabu, utajikuta chini bila kujua ulishukaje. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Angani akiba ni futi.

Parachuti: ukibeba abiria na kuinamisha ndege upande zaidi ya nyuzi 60, sheria ya huko inataka kila mtu avae. Mimi navaa hata nikiwa peke yangu. Kuvaa tu hakutoshi. Mkiwa ardhini, ndege imezimwa, fanyeni mazoezi ya kutoka: fungua kifuniko, fungua mikanda, toka. Mara ya kwanza nilisahau waya wa vipokea sauti vya masikioni ukanishika shingoni. Afadhali kulijua hilo kwenye banda.

Toa kila kitu mifukoni. Kalamu, funguo, sarafu. Chochote kilicho huru kinaweza kuangukia kwenye pedali ndege ikipinduka. Na uliza mapema kama injini yako inavumilia kukaa kichwa chini. Yenye kabureta ya kawaida haiwezi, mafuta hayaifikii. Kwa ndege hiyo, michezo yako iwe ile ambayo mwili unabaki umekandamizwa kitini.

Kula kidogo, usiende na njaa. Kaza miguu na tumbo kabla ya kuvuta, si baada. Masomo ya kwanza yasipite dakika 20 za michezo, na kichefuchefu kikianza mwambie mwalimu mara moja. Ukijilazimisha, mwili utakumbuka ubaya wa siku hiyo wiki nzima. Na kabla ya kila mchezo geuza ndege kushoto na kulia, maana bawa la juu linaficha sehemu kubwa ya anga.

Kwa aliye Kenya au Tanzania, anza na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, na mwalimu mwenye leseni. Usijaribu haya kwa ndege ya mafunzo ya kawaida, hata rafiki akikwambia inawezekana.

Mama yangu yuko Tanga. Nilipomweleza ninachofanya hakulala usiku huo. Sikujua nimtulize vipi, basi nikamweleza habari za kadi. Sasa kila Jumapili akipiga simu, baada ya salamu huuliza, "Haya, mwanangu, ya mwisho ilikuwa ngapi?" Naichukua kadi, namsomea. Jumapili iliyopita ilikuwa 3,400.