Shemasi, usivumilie kimya kimya mpaka upate ukasisi

Ndugu shemasi, salamu baadaye. Umeandika humu kwenye kundi kwamba uko mwaka wa kwanza kwenye parishi ya kijijini, vijana wa kwaya wamehamia kwa nabii wa pale senta, posho inachelewa na hamu ya kuhubiri imekuishia. Ukauliza kuhusu mkopo wa pikipiki, kuhusu kurudi chuo kuchukua digrii, na jinsi ya kuwarudisha vijana. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, ukasema hujamwambia mtu yeyote, hata mama watoto, na kwamba utavumilia mpaka upate ukasisi ndipo uombe uhamisho. Mimi najibu hapo tu.

Usifanye hivyo. Njia hiyo nimeipita na najua inakotokea.

Siku chache baada ya kuwekewa mikono, mchungaji mmoja wa siku nyingi, mtu niliyemheshimu sana, alinikalisha chini akaniambia mchungaji hasemi shida zake. Ukiwaambia wazee wa kanisa watakutawala. Ukimwambia mkuu wa dinari, yule anayesimamia parishi kadhaa za jirani, ataandika kwamba kazi imekushinda. Ukimwambia mkeo utamvunja moyo. Nikaipokea kama hekima. Mpaka leo nikikumbuka maneno yale napandwa na hasira, kwa sababu yule mzee aliokoka ndani ya uamsho, kwenye ushirika wa watu waliokuwa wakiambiana kila kitu. Alijua kabisa kwamba njia nyingine ipo, na hakunionyesha. Na siyo yeye peke yake. Nimekaa kwenye semina za watumishi ambako kutwa nzima ni kuongeza washirika na kuongeza matoleo, na hakuna anayemgeukia jirani yake amuulize analala vipi usiku.

Basi nikanyamaza. Wanaoijua Dodoma wanajua Januari mpaka Machi ilivyo: ghala zimekwisha, mtama na uwele bado viko shambani, na sadaka ya Jumapili ni mayai na kuku wa kunadi nje ya kanisa. Nilikopa unga dukani kwa mzee wa kanisa wangu mwenyewe, halafu nikawa namkwepa. Kwenye vikao vya dinari nikiulizwa habari za parishi nilijibu, "Bwana ni mwema, tunaendelea." Maombi yangu ya asubuhi yakakauka, na sikumwambia mtu. Mahubiri yangu yakawa ya kuwasema walioondoka, yakisikilizwa na wale ambao hawakuondoka. Kina mama walionibebea kuni na maji tangu siku ya kwanza wakawa wanatoka ibadani vichwa chini, na mimi nikadhani ni upako.

Mwishowe mke wangu akachukua watoto akaenda kwao. Nilidhani ni njaa. Nilipomfuata akaniambia, "Nakusikia ukiongea Jumapili tu, na hapo unaongea na watu wengine." Ndugu yangu, hili ndilo lililonigharimu kuliko yote. Fedha ilirudi na baadhi ya vijana walirudi, lakini ile miezi ambayo mke wangu aliishi na mtu aliyefungwa mdomo haikurudi. Yeye alikuwa na njaa ile ile na maswali yale yale, akabeba peke yake kwa sababu mimi nilikuwa namlinda asivunjike moyo.

Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika. Aliyenitoa pale ni katekista wa mtaa wetu wa mbali, mzee asiye na mshahara, aliyekuja kuulizia ratiba ya ubatizo akanikuta kitandani saa saba mchana. Hakunihubiria. Aliketi akanisimulia mwaka wa njaa alioufunga mlango wa kanisa la mtaa wake akaenda kutafuta kibarua kwenye mkonge Morogoro, akiamini Mungu amemwacha, na jinsi ndugu wa ushirika walivyomfuata huko huko, wakalala naye kambini, wakaomba naye. Alipomaliza nikasema yote, mpaka deni la unga. Akacheka, akasema lile la unga kijiji kizima kinalijua.

Sisi Waanglikana wa kiinjilisti tunajiita watu wa Neno, basi tulisome vizuri. Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya kwanza, Paulo anawaandikia Wakorintho waziwazi kwamba kule Asia alilemewa kupita nguvu zake hata akakata tamaa ya kuishi. Hakuficha, na aliwaandikia watu ambao tayari walikuwa wanamdharau. Ukifika sura ya saba, anasema Mungu mwenye kuwafariji wanyonge alimfariji kwa kuja kwake Tito. Mungu angeweza kumpa maono, maana alishampa maono mengi. Safari hii alimtuma mtu. Na kwenye barua ya mwisho kwa Timotheo bado anaomba watu: aje yeye, amlete na Marko, ajitahidi kufika kabla ya baridi. Mtume mzima, karibu na kifo, anasema anahitaji wenzake. Wewe shemasi wa mwaka wa kwanza umepata wapi nguvu za kukaa bila Tito?

Unaweza kusema hayo ni ya mitume. Haya, Charles Simeon, mchungaji Mwanglikana wa Uingereza. Mwaka 1782 aliwekwa kwenye kanisa la Holy Trinity kule Cambridge akiwa kijana wa miaka 23. Washirika walimtaka mtu mwingine. Familia zilizokuwa na viti vyao wenyewe kanisani, viti vya kuzungushiwa mbao na mlango, wakavifunga kwa funguo ili watu wanaokuja kumsikiliza wasimame, na alipoweka mabenchi kwa fedha yake wazee wa kanisa wakayatupa nje. Mahubiri ya Jumapili mchana wakampa mtu mwingine kwa zaidi ya miaka kumi. Alikaa hapo miaka 54, mpaka alipofariki mwaka 1836. Wahubiri wengi humsifu kwa uvumilivu wakaishia hapo, nami hilo linaniudhi, kwa sababu wanaruka jambo kubwa: katika miezi ile ya mwanzo alipanda farasi mara kwa mara kwenda kijiji cha Yelling kwa mzee Henry Venn, kasisi aliyekuwa amedhoofika kiafya, akakaa naye na kufunguka kwake. Mwana wa mzee huyo, John Venn, alikuwa mwenyekiti wa mkutano ulioanzisha CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, mwaka 1799, na Simeon alikuwa kati ya walioisukuma ianze. Hao CMS ndio waliofika Mpwapwa miaka ya 1870. Parishi yako imo ndani ya habari hiyo.

Na uamsho wetu wenyewe, uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda na Bukoba, uliwashika watu kwa kutembea nuruni: unasema dhambi yako na hofu yako mbele ya ndugu, naye anasema yake. Festo Kivengere wa Uganda aliishi ndani ya ushirika huo hapa hapa Dodoma alipokuwa mwalimu miaka ya 1940, muda mrefu kabla ya kuwa askofu na kabla ya kukimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Watu wale hawakuwa na njaa kidogo kuliko sisi wala maadui wachache.

Sasa, huyo wa kumwambia ni nani? Mkeo kwanza. Kisha mchungaji mwenzako wa parishi ya jirani, mwanamume mwenzako, ambaye naye atakwambia ya kwake. Akisikiliza tu bila kusema yake, tafuta mwingine. Usianze na mzee wa kanisa anayehesabu sadaka, maana utambebesha mzigo ambao Jumapili ataukalia kitako mbele yako. Huyo mchungaji mwenzako mpangie siku maalumu, isiwe "tukionana". Ulizaneni mambo ya wazi: unaomba? Unadaiwa? Nyumbani pakoje? Nani unamchukia? Na kama usingizi umekwisha kabisa au umeanza kuona afadhali kufa, nenda hospitali umwone daktari kama ambavyo ungeenda na malaria. Watu hapa hulitaja jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kama tusi. Waache. Waliotibiwa pale wakarudi kuhubiri wapo.

Uhamisho hautakusaidia kwa hili. Huko utakakokwenda pia kuna Januari.

Ya pikipiki na digrii wengine humu watakujibu, na ya vijana tutayaongea ukishapumua. Leo jioni watoto wakilala, mwambie mama watoto. Kesho mpigie mmoja wa uliosoma nao chuoni, yule aliye karibu zaidi, mpange siku. Kama uko upande wa huku kwetu, sisi tunakutana kila Jumatatu asubuhi, mwenyeji anapika ugali na mlenda. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze. Njoo hata kwa bodaboda, nauli tutachangishana.